Nikupokee

1

Dokta Ngole aliigeuza skrini nitazame mwenyewe, maana alishachoka kunieleza kwa mdomo.

"Huu hapa moyo wako, Sekela. Milango inafunguka vizuri, inafunga vizuri. Mishipa misafi. Moyo kama huu ukiutembeza sokoni utagombaniwa."

"Sasa mbona unaniuma?"

"Haukuumi."

"Unaniuma, Dokta. Jana nimeshika ukuta."

"Kuna kitu kinakuuma, sibishi. Ninachokwambia ni kwamba si moyo."

Kila nilipokwenda kwake tuliishia hapo hapo, na kila nilipotoka nilikuwa na hasira zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sivuti, sinywi, nalala vizuri. Kazi yangu ni kupanda minara ya umeme wa upepo inayoizunguka Makambako, ile ambayo watu wa mji wanaiita mapangaboi, na mtu hapandi pangaboi na spana na ndoo ya grisi kama kifua chake kibovu. Walinipima damu. Walinipima umeme wa moyo nimelala, kisha nakimbia, kisha nikazunguka na kipimo kiunoni mpaka kikanichubua. Wakatafuta vidonda vya tumbo, wakanipa dawa ya kiungulia. Majibu yote yakaja safi, na kifua kikaendelea kubana.

Maumivu yalikuwa yanaanzia kwenye chembe cha moyo, pale mfupa wa kifua unapoishia. Yanakuwa mazito kabla hayajawa makali, kama mtu amekukalia. Halafu yanapanda bega la kushoto, yanashuka na mkono kwa upande wa ndani mpaka kidole cha mwisho. Yanakaa. Yanaachia. Yakishaachia naweza hata kucheza mpira.

Siku moja yalinikuta kwenye ngazi ya mnara, juu kabisa. Mkanda wa usalama ndio ulionishika. Msigwa, mkuu wetu wa zamu, alinishusha kwa kamba huku akinitania kwamba Mnyakyusa aliyelelewa kwa ndizi hauwezi ugali wa Wahehe, lakini tulipofika chini alikuwa ametokwa jasho kuliko mimi. Hapo hapo akachukua kibali changu cha kupanda, akasema nitakipata nikimletea neno la daktari. Tangu siku hiyo nilikuwa stoo, napanga bolti. Mama mdogo akapiga simu kutoka Tukuyu kusema hayo ni mawazo tu, niolewe yataisha.

"Hebu tuuache moyo," alisema Dokta Ngole. "Niambie yanakuja lini."

"Yakitaka."

"Ukipanda ngazi?"

"Ukiitoa siku ile moja, hapana. Naweza kupanda mnara mzima nisisikie kitu. Halafu nimekaa stoo, nimeshika kikombe cha chai, haya hapa."

"Jumapili je?"

Nilifikiri. "Jumapili hayaji. Labda jioni, kidogo."

"Na yanazidi siku gani?"

"Siku za gulio. Asubuhi na mapema, halafu mchana tena."

Aliweka kalamu mezani. "Unajisikia unavyosema? Maumivu yanayopumzika Jumapili. Yanayodamka siku za gulio. Maumivu haya yana kazi, Sekela, ila si kazi yako." Akanitazama chini ya mtulinga wa kushoto, pale nilipochomwa kipokezi, kipele kigumu cha ukubwa wa punje ya mchele. "Umempokea mtu?"

Nilicheka. "Mimi? Nimechangia mara moja tu, dada yangu wa Mbeya alipojifungua. Tulikuwa wengi kwenye kamati. Nikasikia kichomi kiunoni, kikapita, nikarudi kwenye pilau."

"Sijakuuliza kuchangia. Kumpokea mtu mzigo mzima."

"Dokta, mimi si malaika."

Vipokezi vililetwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na wanawake wenye uchungu. Kifaa kinayasoma maumivu kwenye neva za mmoja, kinayazima pale pale, kinayawasha kwa mwingine popote mtandao unapofika. Hakihamishi ugonjwa, kinahamisha habari zake. Wenzetu wa nchi nyingine walikitumia kwa tahadhari kubwa. Sisi tuliunda kamati, na mwenyekiti, na mtu wa kuwakumbusha wasiochangia. Kila ndugu anachukua kidogo, na mkiwa wengi inakuwa kama kuumwa na mbu. Lakini sheria iliacha na njia ya pili, ya mtu mmoja kuubeba mzigo wote wa mwenzake. Njia hiyo haikutaka kamati wala sahihi, kwa kuwa watu walikuwa wanawawekea sahihi ndugu zao wasiojua kusoma. Ilitaka mikono igusane, mmoja aseme neno na mwingine ajibu.

Haya yote walinisomea siku nilipochomwa, nilipokuja kuajiriwa kutoka kwetu milimani ambako mtandao ulikuwa haujafika. Yalisomwa kwa sauti, marefu kama hotuba ya mgeni rasmi, nikabonyeza "nakubali" kabla hayajafika katikati.

"Naomba ruhusa nikisome," alisema. Sheria inamlazimu kuomba, tangu watu walipoanza kutukanana misibani nani alichangia na nani alijificha.

Nilimruhusu. Aliweka kisomeo begani kwangu, akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Mpokeo mmoja. Mzigo wote. Tangu msimu wa parachichi." Sauti yake ilishuka. "Ulimwambia mtu 'nikupokee', mkashikana mikono, naye akajibu 'nipokee'."

"Nikupokee?" Nilisimama. "Dokta, hiyo si adabu tu?"

2

Bibi yangu alinilea kwa neno hilo. Ukikutana na mtu mzima ana mzigo, hata salamu inasubiri. Kwanza unasema nikupokee, unachukua mzigo, ndipo unatoa shikamoo mkiwa mnatembea. Ukimpita mikono mitupu, habari zinafika nyumbani kabla yako, na nyumbani bibi anakungoja na mwiko.

"Waliokitengeneza waliwauliza watu wangependa neno gani," alisema Dokta Ngole. "Pwani na bara wakachagua hilo hilo. Ni neno zuri, kila mtu analielewa. Haukupita muda mrefu, mjini hakuna aliyethubutu kulitamka."

"Ndiyo maana wanasema 'lete'."

"Ndiyo maana."

"Mimi nikajua hawana adabu."

Alijizuia kucheka. "Kwa kawaida halina madhara. Lazima mwenye mzigo awe amefunguliwa kipokezi hospitali. Maana yake uliyemwambia ni mgonjwa, na alikuwa anamtafuta mtu."

Nilishamkumbuka. Mama mmoja kwenye njia ya kutoka sokoni, na tenga la parachichi limemshinda, ameliweka chini anahema. Nilisema neno langu, nikakishika kishikio cha tenga juu ya mkono wake. Alinitazama muda mrefu, akajibu, akaanza kulia. Nikadhani ni uchovu. Nilimbebea tenga mpaka mlangoni kwake, nyumba ya juu kabisa kwenye kilima nyuma ya soko, naye njia nzima alikuwa ananiombea dua mpaka nikaona aibu.

"Usinitajie jina," alisema Dokta Ngole aliponiona uso.

"Yatoe. Sasa hivi."

"Naweza. Nabonyeza hapa, yanamrudia."

Hakubonyeza. Wakati huo huo kile kitu kikanikalia kifuani. Nilishika ukingo wa meza. Bega, mkono, kidole. Ilikuwa siku ya gulio, na saa ya ukutani ilionyesha muda wa watu kurudi kutoka sokoni.

"Anapanda kilima," nilisema.

"Anapanda."

"Na tenga."

"Inawezekana na tenga." Alisubiri mpaka rangi ikanirudia. "Nikibonyeza sasa, yatamkuta hapo alipo, yote kwa pamoja."

Nikakaa. Nilimwuliza itakuwaje nikibaki nayo, akanijibu bila kupaka mafuta. Mwilini hayatanidhuru kitu. Ila kampuni haipandishi wapokeaji, na yeye hawezi kuandika uongo, kwa hiyo mnara niusahau. Nilisikia hasira ikipanda mpaka masikioni. Naipenda ile kazi. Nilikuja mji huu kwa ajili yake, na hakuna mahali nilipo mtu kamili kama kule juu.

"Na yeye?"

"Huo ni moyo unaokosa damu, Sekela. Unampigia kelele mwenyewe akae chini, na mwenyewe hasikii. Anayesikia ni wewe, na wewe umekaa hapa kwangu. Kwa hiyo yeye ataendelea kubeba matenga mpaka siku aanguke katikati ya kicheko."

"Basi kumrudishia ni kumsaidia."

"Ni kumsaidia. Ni kumtesa pia. Na usijidanganye, ni kukusaidia wewe. Ukienda kwake, nenda nayo yote matatu."

3

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, nikijua atakuwa amekaa. Kwenye kibaraza alikuwepo mwanamume wa makamo anashona soli ya kiatu. Nilipiga hodi, na kabla hajanijibu yule mama akachungulia mlangoni.

"Jamani! Danstan, ndiye huyu! Ndiye binti mwenyewe!"

Alinikumbatia, akanifutia kiti kwa kanga yake, akaniambia jina lake ni Ezelina Kilasi na huyo ni mdogo wake, akaniuliza jina langu na kazi yangu, kisha akakimbilia jikoni kuniletea chai kabla sijasema nimekunywa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomkumbuka. Nikasikia sufuria ikiinuliwa kutoka jikoni, na kwangu kifua kikabana kidogo. Danstan aliniona nikijishika. Akainamia kiatu chake.

"Ulinipata wakati mbaya, mwanangu," alisema Mama Ezelina akinimiminia. "Walinifungua hospitali, wakaniambia mama, subiri, atatokea mtu. Ndugu walikuja wote. Walileta sukari, walileta sabuni, chumba kikajaa. Wakasema pole. Wakasema tuko pamoja. Lile neno wakalizunguka kama shimo la choo." Alicheka sana kwa hilo. "Halafu wewe, hata hunijui, njiani tu! Nakuombea kila asubuhi. Nasema, Bwana, mbariki binti yule aliyejua anachokichukua."

Chai ilikuwa ya moto. Niliiweka chini.

"Mama, sikujua."

"Hukujua nini?"

"Sikujua ninachukua nini. Bibi yangu alinifundisha kusema vile kwa mtu yeyote mwenye mzigo. Nilikuwa nakupokea tenga."

Sindano ya Danstan ilisimama. Mama Ezelina alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena, na mimi nilitamani ardhi inimeze na chai yangu. Mtu huyu alikuwa amepewa kitu kimoja kizuri baada ya ndugu zake wote kumkwepa, na sasa nilikuwa nimekuja kumwambia hakupewa.

"Tenga," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kwa hiyo asubuhi zote hizo nilikuwa naziombea adabu za bibi yako." Alijaribu kucheka tena, kicheko kikakataa.

"Umekuja kumrudishia," alisema Danstan. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha.

"Nimekuja kumwambia ukweli."

"Na kumrudishia. Sema tu. Mtoto wa watu una kazi yako, una maisha yako. Utamwacha hapa akilia usiku, na wewe utalala."

Hapo nilishindwa kujizuia. "Na wewe mjomba, ungempokea?"

"Mwache," Mama Ezelina alisema upesi. "Danstan aliogopa. Hata mimi niliogopa, na yalikuwa yangu." Akanisogelea, akashusha sauti, akauliza kama anayeulizia ndugu aliyehamia mbali. "Hivi siku hizi yanakujaje?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilimweleza. Yanaanzia kwenye chembe, akatikisa kichwa kukubali. Yanapanda bega la kushoto, akakubali. Mkono kwa ndani, kidole cha mwisho, akaonyesha kwenye kidole chake mwenyewe kabla sijafika. Tulikuwa kama watu wawili waliosoma shule moja.

"Halafu taya," nilisema.

"Taya?"

"Tangu mwezi uliopita. Na yanakawia kuachia siku hizi. Zamani yalikuja siku za gulio tu. Sasa hata ukiinua sufuria."

"Kwangu hayajawahi kufika taya," alisema.

Danstan alikuwa ameinua uso.

"Dawa niliziacha," Mama Ezelina alisema taratibu. "Niliona nimepona. Nikarudi sokoni, nikawa nabeba matenga mawili mawili, nawaambia watu Mungu ameniponya." Alijigusa kifuani kwa ncha za vidole. "Kumbe huku yanaendelea."

"Yanaendelea, mama."

"Na hakuna aliyekuwa ananiambia."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya Dokta yamepangika kichwani, sikuyahitaji. Nitasema nilivyokuwa najisikia, maana haikuwa heshima sana. Nilitaka akatae, ili nirudi stoo nikiwa mtu mwema mwenye kinyongo. Nilitaka akubali, ili nirudi mnarani bila lawama. Na chini ya hayo yote nilimwonea huruma.

"Unaweza kukataa," nilimwambia. "Sitakwenda kwa daktari kuyakata kwa mlango wa nyuma. Ukikataa nabaki nayo, ila utarudi kwenye dawa na tenga hutabeba."

"Nani ataniambia nikibeba?"

"Mimi nitajua."

"Utajua, utanipigia simu, utaniambia Ezelina weka chini." Alitikisa kichwa. "Mimi najijua. Nisiposikia mwenyewe, sitaweka chini. Nitakwambia nimeweka." Alinyoosha mkono wake juu ya meza. "Nirudishie, mwanangu. Naogopa, lakini nirudishie."

Niliushika. Ulikuwa mkavu na wa moto kwa kikombe. Maneno ya kurudisha nilikuwa nimeyakariri safari hii, nimeyasikiliza mpaka mwisho.

"Nakurudishia mzigo wako."

"Lete," alisema. "Ni wangu."

Hakukutokea kitu. Alikuwa amekaa, moyo wake umetulia, hakukuwa na cha kusikia. Tulitazamana, tukaanza kucheka wote wawili, na Danstan akasema sisi ni vichaa, akaingia ndani.

Nilipoaga alisimama kunisindikiza. Nilimkataza, akaniuliza kama kwetu wageni wanajiondokea wenyewe kama kuku. Tulifika kwenye mti wa parachichi mwisho wa uwanja, akasimama ghafla. Uso wake ulibadilika. Sijawahi kuiona sura ile kwenye kioo, lakini niliijua.

"Kaa," nilisema, nikamkalisha kwenye jiwe. "Usizuie pumzi. Yatakuwa mazito kwanza."

"Mazito," alisema.

"Sasa yatapanda begani. Yaache yapande."

"Yanapanda. Mama yangu, Sekela!"

"Najua. Yatashuka na mkono. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Yakifika kidoleni yatakaa kidogo, halafu yanaanza kuachia kuanzia huku juu. Subiri. Subiri tu."

Alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Halafu vidole vyake vikalegea, kimoja baada ya kingine, akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Na ulikuwa unapanda minara na kitu hiki," alisema.

"Nilikuwa sijui ni cha nani."

Kesho yake Danstan alimpeleka hospitali, akarudishwa kwenye dawa, akapangiwa safari ya Mbeya kufanyiwa upasuaji wa mishipa mara nafasi itakapopatikana.

4

Msigwa alinirudishia kibali kwa maneno mengi ya kejeli na mikono miwili. Nilipanda siku hiyo hiyo.

Na Mama Ezelina tuliwekeana utaratibu. Yakija, anakaa chini, ananibipu, nampigia. Sikuwa na dawa ya kumpa kwenye simu. Nilikuwa namwambia tu yalipo na yanapoelekea, na yeye alikuwa anasema "ndiyo", "ndiyo", "hapo", mpaka yaachie. Dokta Ngole alipopata habari alisema hilo halimo kwenye vitabu vyake, lakini vidonge anavimeza kwa wakati na tenga ameacha, kwa hiyo tuendelee. Sokoni aliwekwa akae kwenye kiti auze, wabebe wengine. Siku nyingine alibipu, nikimpigia anasema hayajaja, alitaka tu kujua kama nimekula.

Nilikuwa nimejifunga juu ya pangaboi, nafunga kifuniko cha chumba cha jenereta, simu ilipolia. Haikuwa bipu. Ililia mpaka nikaipokea.

"Yamekuja," alisema.

"Umekaa?"

"Nimekaa. Kwenye mkeka, uani."

"Yako wapi?"

"Kwenye chembe."

"Haya. Mazito kwanza. Sasa yatapanda begani."

Nilisubiri "ndiyo" yake. Upepo ulikuwa unaipiga simu sikioni kwangu, nikaibana kwa kofia.

"Hayapandi," alisema.

"Yape muda kidogo."

"Sekela, hayapandi. Yamekwenda mgongoni. Katikati ya mabega. Yanachana kama kitambaa."

Nilikuwa nimeyabeba maumivu yale tangu msimu wa parachichi. Nilikuwa naijua njia yake yote, kona zake, mahali yanapopumzika. Mgongoni hayakuwahi kukanyaga.

"Mama, hayo siyajui," nilisema. "Hayo ni mengine. Danstan yuko?"

"Yuko kibarazani."

"Mwite. Usisimame, mwite kwa sauti."

Nilichukua redio kwa mkono wa pili, nikampigia kelele Msigwa aliyekuwa chini aite gari la wagonjwa, nyumba ya juu kabisa kwenye kilima nyuma ya soko, moyo, aseme maumivu yamehamia mgongoni. Hakunitania. Nilimsikia akilirudia neno kwa neno. Kwenye simu Danstan alikuwa anahema, nikamwambia amlaze vile anavyopata nafuu, afungue geti, aweke simu karibu na dada yake, asiende kokote.

"Wewe uko wapi?" Mama Ezelina aliniuliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Niko juu, mama."

"Kuna upepo?"

"Mwingi."

"Umejifunga?"

"Nimejifunga."

"Na kifua? Kinakubana?"

Mkono wangu ulikuwa umeshikilia kifua muda wote huo, kwa mazoea. Niliuangalia. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa nguvu, mzima kabisa, moyo wa kugombaniwa.

"Hakinibani," nilisema. "Sisikii kitu, mama. Hata kidogo."

"Vizuri," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa."

Nililia kule juu bila kujificha, maana hakukuwa na wa kuniona. Ningeweza kulisema lile neno mara mia, lisingemfikia. Mikono yetu ilikuwa mbali. Na ningekuwa bado nayabeba maumivu yake, mimi ndiye ningekuwa naning'inia kwenye mkanda sasa hivi, nikipiga mayowe, na yeye angekuwa sokoni anasifu afya yake.

Nikasikia king'ora, kwanza kupitia simu yake, kisha kwa mbali na kwa masikio yangu, kikipanda kilima. Mbwa wakabweka. Geti likagonga ukuta. Watu waliingia uani na vyuma vyao, wanaulizana, wanafungua mikoba, na sauti ya mwanamke ikainama karibu na simu.

"Shikamoo mama. Pole sana. Unaumwa wapi?"

Niliziba sikio la pili nisikie. Mama Ezelina alivuta pumzi, akamjibu mwenyewe, taratibu, mahali kwa mahali, yalipoanzia na yalipohamia na mahali ambapo leo hayakupita, na yule mwanamke akawa anawapigia wenzake kelele waharakishe.